Friji Niliyosema Imekufa

Siku ya kwanza kazini, pale karakana ya Kihonda, Fundi Mkuu hakunipa bisibisi. Alinipa kigoda, akaniambia nitege sikio kwenye friji mbovu.

"Sikiliza kwanza," alisema. "Kompresa ikinguruma kisha ikanyamaza, usikimbilie kujaza gesi. Tazama rilei, kile kidude kinachoiamsha."

Miaka mingi nilifanya hivyo, nikahamishiwa tawi la mjini, nikawa fundi wa kutumainiwa. Kisha wenye karakana wakafungua duka la friji mpya upande wa mbele, akaletwa Meneja Mauzo. Asubuhi moja alituita mafundi.

"Mkitengeneza kila kinacholetwa, hizi mpya atanunua nani? Friji ya zamani ikija, mwambieni mwenyewe imekufa."

Tulitazamana. Nilikuwa na watoto shuleni, nami nikarudi kazini bila kupinga.

Wiki hiyo Bi Mwanahawa wa Bigwa, mjane aliyekuwa akiuza juisi ya pesheni na maziwa ya mbuzi wake, alileta friji yake kwa guta. Nilimwamkia shikamoo, nikaifungua. Ilikuwa rilei tu.

"Marahaba, mwanangu. Itapona?"

"Imekufa, mama."

Siku chache baadaye alirudi akanunua mpya, ile ya zamani akatuachia. Meneja akaniagiza niibadilishe rilei. Jioni ileile akamuuzia mtu mwingine friji hiyo.

Sikutulia tena. Jumapili nilikwenda Bigwa. Bi Mwanahawa alinikaribisha barazani, akaniletea maji ya baridi. Banda la mbuzi lilikuwa tupu, nikauliza mbuzi wako wapi.

"Si hao walioingia humo?" alisema, akionyesha friji mpya.

Nikamweleza ukweli wote, na kwamba baada yake nilishawadanganya wengine. Aliweka mikono mapajani.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile, mama."

"Mbuzi hawarudi. Sasa usiniombe radhi mimi peke yangu. Kamwombe na kila uliyemdanganya baada yangu."

Jumatatu nilimwambia Meneja kwamba uongo ule sitausema tena. Akaniondoa karakanani, akaniweka stoo kupokea maboksi. Huko ndiko nilikomalizia utumishi wangu.

Niliwatafuta wengine. Mwalimu mmoja wa Kihonda alinicheka. "Fundi, hata ungesema inatengenezeka ningenunua mpya tu. Rangi yake tulishaichoka." Hapo nikazidi kuchanganyikiwa. Nilikwenda kutubu, nikakuta mtu hajaona kosa, si langu wala lake.

Ninyi vijana mnaonisikiliza, mnaniuliza kama kupenda vitu vipya ni dhambi au ni maendeleo tu. Ninachojua, yuko aliyenunua kwa kuwa alitaka, na yuko aliyenunua kwa kuwa mimi nilimzibia njia nyingine. Nimestaafu, magoti yanauma, lakini kesho napanda mlimani kumtafuta mama mwingine niliyemdanganya. Nasikia amehama. Nitauliza nyumba kwa nyumba.