Dada yangu alivunjwa mkono na mumewe mcheza mpira, na maneno yangu mimi ndiyo yaliyotumika kumlaumu

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi humu ni mtu wa kusoma na kupita, hasa kule kwenye michezo. Ila naona mabishano ya siku hizi kuhusu wachezaji wanaopiga wake zao, kila mtu na upande wake, nikaona bora niseme lililonikuta. Sitatia chumvi. Majina nimebadili na timu siitaji, kwa hiyo msinifuate inbox kuuliza.

Twende taratibu.

Mimi ni fundi friji, kijiwe changu kiko Msamvu, hapa Moro. Kwa mama yetu tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike, nimwite Zuhura. Kwetu ni Matombo, kule milimani, mama bado yuko huko na migomba yake.

Zuhura aliolewa na beki wa ligi kuu. Nitamwita Shemeji, maana ndivyo nilivyozoea. Siku alipokuja kuposa, kijiji kizima kilitoka kumwona. Na sitawaficha, mwenye kiburi kuliko wote siku ile nilikuwa mimi.

Kwenye group letu la mashabiki pale mjini nikapandishwa cheo bila uchaguzi. Timu ikicheza, naulizwa mimi. "Mwambie shemeji yako apunguze faulo." Nikawa najibu kama msemaji wa klabu. Aisee, sifa ni kitu kibaya.

Sasa ikaja Jumapili moja, Shemeji akapewa kadi nyekundu na timu ikafungwa. Tulimtukana refa mpaka tukachoka.

Kesho yake mchana Zuhura akanipigia kuwa yuko stendi, ametoka Dar kwa mumewe. Nikaenda kumpokea. Mkono wa kushoto amefungwa plasta ya P.O.P, jicho moja limevimba, kajifunika mtandio mpaka usoni.

"Umefanya nini?"

"Nimeteleza bafuni, kaka."

Wakuu, mimi nina akili timamu. Bafu haligongi jicho na mkono kwa mpigo mmoja. Lakini nikasema, "Pole sana, twende nyumbani." Nilijua, ila sikutaka kujua.

Mke wangu ndiye aliyekaa naye chumbani mpaka akasema. Shemeji alirudi kutoka mechini kanuna. Zuhura akamwuliza kama atakula. Kimya. Akamwuliza tena, akasema, "Mpira ni mchezo tu, kula kwanza." Basi. Hilo ndilo kosa lote.

Jumatano picha ikavuja. Jirani yao aliyempeleka hospitali alikuwa amempiga picha akamtumia ndugu yake, na ndugu akamtumia mwingine. Mnajua picha zinavyotembea.

Mtandaoni kukawaka moto. Wapo waliomtetea Zuhura, tena wengi. Lakini na wale wengine mnawajua. Alimfanyia nini? Mbona hakuondoka mapema? Alifuata jina, avumilie. Mwanaume katoka kazini na stress zake, mwanamke naye aangalie hali ya hewa.

Na kwenye group letu wote wakanigeukia mimi. "Wewe ndiye shemeji mtu, tupe ukweli."

Hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo. Nilikuwa kijiweni, nina friji ya mteja nimeifungua. Nikafuta mikono, nikaandika hivi:

"Dada yangu namjua tangu utotoni, ana mdomo. Tusimhukumu mchezaji kabla ya kusikia pande zote."

Nikaona nimeongea kiutu uzima. Watu wakanipigia makofi ya emoji, nami nikarudi kwenye friji yangu.

Kufika jioni screenshot ya maneno yangu ilikuwa kila mahali. "Hata kaka yake kakiri." Kesho yake asubuhi mtangazaji wa kipindi cha michezo akayasoma redioni. Akasema familia yenyewe ya mke inajua tatizo liko wapi.

Niliporudi nyumbani kula, Zuhura alikuwa amekaa kwenye mkeka, mke wangu anamsuka, maana kwa mkono mmoja hawezi hata kuchana nywele. Akaninyooshea simu.

"Kaka, hii ni wewe?"

Nikasema ni mimi.

"Mdomo wangu ndio uliovunja mkono?"

Hakulia wala hakupaza sauti. Mke wangu naye aliendelea kusuka bila kuniangalia, na chakula siku ile nilijipakulia mwenyewe.

Jumamosi kikaitwa kikao cha familia Matombo. Kwa wasiojua, sisi Waluguru mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Mjomba wetu alishatoa msimamo kwenye simu: yamalizwe kimya, mke arudi kwake, mambo ya polisi yasitajwe.

Shemeji akaja kweli, na kaka yake mkubwa. Gari waliliacha mbali kwa ajili ya tope, wakapanda kilima kwa miguu. Alisalimia watu wote kwa adabu na akamwamkia mama kwa kupiga goti. Ukimwona pale huwezi kuamini. Na mimi ndivyo nilivyokuwa nikimwona miaka yote.

Tukakaa ndani kwa mama. Mjomba akaanza na Zuhura.

"Mwanangu, mwanaume hapigi hewa. Ulimkosea nini mwenzio?"

Zuhura akasema, "Mjomba, naomba kwanza nimwulize yeye swali moja."

Mjomba akaitikia kwa kichwa.

"Baba Fulani," akamwita mumewe, hivyo ndivyo walivyoitana kwa utani kwa kuwa hawajapata mtoto, "refa aliyekupa kadi nyekundu, ulimpiga?"

Shemeji akashangaa. "Hapana."

"Alikuudhi?"

"Aliniudhi sana."

"Kuliko mimi?"

Shemeji akaanza kubandua tope kwenye suruali.

"Kwa nini hukumpiga?"

Shemeji akaangalia chini. Akasema polepole, "Ningefungiwa."

"Kwa hiyo mkono unaweza kuuzuia. Ukitaka."

Mama alishika shavu. Kaka yake Shemeji akakohoa, akataka kusema kitu, akaacha.

Mjomba si mtu wa kubadilika haraka, na siwezi kuwadanganya kuwa aliomba msamaha. Ila aliuliza kwa sauti ya chini, "Sasa unataka nini, mwanangu?"

"Nataka kwenda polisi. Na nataka mtu wa kwetu wa kunisindikiza."

Nikasema, "Nitakwenda mimi."

Kabla ya kuondoka Matombo nilitafuta sehemu yenye network, nikaandika kwenye group. Nikasema nilidanganya. Kwamba dada yangu hakumkosea mtu, alimkaribisha mumewe chakula akavunjwa mkono, na mimi nilijua nikamlinda mchezaji kwa sababu nilipenda kuitwa shemeji yake. Wengine walinipongeza. Wengine wakasema nimenunuliwa na wapinzani. Kabla hatujafika mjini nilikuwa nimeshaondolewa.

Na kitu kimoja nilijifunza, wakuu. Maneno ya kwanza yalifika redioni kwa siku moja, ila haya ya pili hakuna aliyeyasoma popote.

Jumatatu tukaenda Dar, kituoni, kwenye dawati la jinsia. Askari mwanamama alimsikiliza Zuhura bila haraka. Yule jirani naye alitoa maelezo. Mahakamani Shemeji alikiri kosa, akatiwa hatiani na kupewa kifungo cha nje. Klabu ikaachana naye. Wako wanaosema mpaka leo kuwa Zuhura kaua kipaji cha mtu. Nikisikia hivyo huwa nauliza: aliyepiga ni nani? Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Talaka ilitoka. Zuhura yuko Moro, anafundisha chekechea. Mkono umepona, ila siku za baridi ya mlimani hawezi kukamua nguo. Mimi na yeye tunaongea vizuri. Haikuwa rahisi, ilichukua miezi kabla hajaanza tena kunitania, na sikumharakisha.

Shemeji simchukii. Nasikia anacheza timu ndogo mkoani. Namwombea abadilike kabla hajaoa tena.

Funzo langu ni dogo. Tukiuliza "alimfanyia nini" tunajiona wenye hekima na tusioegemea upande, kumbe tumeshauchagua. Watu wote humaliza siku wakiwa na hasira, hata refa, hata sisi mafundi. Anayepiga huchagua wa kumpiga.

Uzi uko wazi, semeni hata kama mtanisema vibaya. Ila nina ombi moja kwa wanaume: kama ulikuwa unapiga na ukaacha, tueleze hapa uliachaje. Kuna mtu anasoma huu uzi kimya kimya muda huu, na mkewe yuko chumba cha pili.