Siku Niliyowaamuru Wakwe Wainue Miguu

Chekeni tu, mimi nimeshazoea. Kuna watu hapa Garsen mpaka leo wakinikuta sokoni hawanisalimii kwanza, wanainua mguu mmoja juu halafu wanaangua kicheko, na mgeni akiuliza kuna nini, mimi naona bora nikisimulie kisa mwenyewe kabla hawajakitia chumvi. Mimi, Mama Salome, mtu mzima, mwenye kiti changu kanisani, niliwaamuru wakwe waliokuja kumposa binti yangu wainue miguu nione nyayo zao. Wazee wazima! Na wakainua.

Ilianza na sukari. Ile miaka ya tisini kuelekea mwisho, kabla ya mvua ya Elinino kutumwagia mto wote majumbani, nilikonda, nikawa na kiu ya ng'ombe wa kiangazi, usiku kucha natoka nje, narudi, natoka tena. Kliniki wakachukua mkojo wangu, wakauchemsha na ile dawa yao ya buluu, nikaiona kwa macho yangu ikigeuka rangi ya matofali. Daktari alikuwa kijana mpole, akaniambia, "Mama, sukari haina haraka. Haikuui leo wala kesho. Inakaa na wewe miaka, na hicho unachotia mdomoni kila siku ndicho kitakachoamua kama utazeeka na wajukuu, au itakuchukua macho, figo, na miguu." Akanipa vidonge, akanieleza habari ya vyakula kwa kirefu, akanikataza kutembea peku hata ndani ya nyumba.

Mimi katika maneno yote yale nikashika neno moja, sukari. Basi nikaacha sukari. Iliyobaki nyumbani nilimpa Dhahabo, rafiki yangu Muorma aliyekuwa akiniletea maziwa kila asubuhi, na mahali pake kwenye chai nikaweka asali (asali ya msituni, jamani, si ya dukani, ile wanayokwambia ni dawa ya kifua na dawa ya vidonda na dawa ya kila kitu, sasa mimi ningejuaje?). Wali wa nazi nilikula sahani yangu na nyongeza kama kawaida, maembe ya msimu nilikula mpaka maji yananichuruzika kwenye viwiko, maana nani amewahi kuniona natia sukari kwenye embe? Na siku ya kliniki nilikuwa na ujanja wangu, tangu jana yake sili kitu, ni maji tu, nikipimwa dawa inabaki buluu safi, daktari anatabasamu, mimi natoka pale moja kwa moja mpaka hotelini kujipongeza kwa mahamri. Nikawa natangaza kote kwamba nimeishinda sukari, na watu wakawa wanakuja kuniuliza siri yake!

Sasa njooni kwenye siku yenyewe. Mafuriko yalikuwa yamepungua, watu wamerudi majumbani, na Salome wangu akaja kuposwa na watu wa Kau, familia ya heshima, wanaongozwa na mama wa kijana, Mama Yona, mjane, mwanamke mrefu wa maneno machache (wale wanaokutazama mpaka unaanza kujishuku). Nilikuwa nimesuka mikeka mipya ya kuwapokea, miyaa ya kusukia nimeianika mwenyewe mpaka ikawa nyeupe pe, sikutia rangi hata mstari mmoja, kusudi watu wa Kau waone Salome ametoka kwa mama anayejua kazi. Mgongo ulikuwa umeniuma miezi kwa ile mikeka. Nilishawaambia watu wa nyumbani, atakayeitia doa atanitambua.

Asubuhi ile nikajitazama, nimevaa leso mpya, kilemba kizuri, na chini kule nimevaa raba nyeusi zilizotoboka kidole, zile nilizoambiwa nisizivue. Nikaona hapana, wageni wataniona kama mtu anayetoka shambani. Nikazitupia nyuma ya mlango. Siku moja tu, nikasema, siku moja itafanya nini? Basi nikawa naenda peku, jikoni, uani, kwenye mikeka, jikoni tena, na pale jikoni kuni zetu zilikuwa za mathenge, ule mti wa miba uliotuvamia, ambao baada ya mafuriko uliota mpaka mlangoni pa choo. Unawaka vizuri, siukatai, lakini mwiba wake unatoboa hata tairi ya baiskeli.

Wakwe wakafika, wakavua viatu ukingoni mwa mkeka, wakakaa. Nikawaletea chai, nikawaletea mahamri, na mimi mwenyewe nikajimiminia kikombe na kijiko cha asali, kingine, kingine tena, huku namwambia Mama Yona kwa sauti ya kujivuna kwamba mimi mwenzenu nina sukari lakini hainiwezi. Akanitazama. Akakitazama kikombe changu. Nikaenda jikoni kufuata wali, kurudi hivi, nikaona doa.

Doa jekundu, mbichi, katikati ya mkeka wangu mweupe. Na pale mbele jingine. Na jingine, karibu na goti la mjomba wa bwana harusi! Macho yakanitoka. Kichwani kitu kimoja tu, pale nje tulikuwa tumechinja kuku, kwa hiyo kuna mtu amekanyaga damu akaniingizia kwenye mikeka.

"Nani amekanyaga damu?" Nikapaza sauti. "Nauliza, nani amenichafulia mikeka?"

Baba Salome, mume wangu, akanivuta leso, "Mama Salome, taratibu, ni wageni hawa." Taratibu ya nani! Nilikuwa nimeshapanda. Nikaweka sinia chini, nikaanza kuzunguka, mkono kiunoni, nikimfikia mtu namwambia, "Inua mguu. Na huo mwingine." Mjomba mtu, mvi tupu, akainua miguu yake huku ameshikilia kofia. Mchungaji waliyekuja naye akainua. Dada za Yona wakainua huku wameziba midomo, na mimi kila nikizunguka naona madoa yanaongezeka, hasira inaongezeka, nikisema kwa sauti watu gani hawa hawajui kufuta miguu, mpaka nikamfikia Mama Yona. Naye nikamwambia, "Na wewe." Alikunja leso yake polepole, akanyoosha miguu yake miwili mirefu mbele yangu. Safi kabisa.

Dhahabo alikuwa amekaa mlangoni na chombo chake cha maziwa. Akapiga kelele, "Mama Salome, simama! Simama hapo hapo! Wewe nagombana na watu bure. Hiyo damu natoka kwa wewe."

Nikacheka, wallahi, nikacheka. "Kwangu? Ningekuwa nimeumia si ningesikia?"

"Tazama nyuma yako."

Nikageuka. Nilikokuwa nimepita kote, nyayo. Nyayo za mtu mmoja, zimezunguka mkeka mzima kuwafuata wakwe mmoja mmoja, zimekuja mpaka pale niliposimama. Wakanikalisha pale pale, Dhahabo akashika mguu wangu wa kulia akaugeuza, na nyumba nzima ikasema "Yesu wangu!" kwa pamoja. Mwiba wa mathenge ulikuwa umezama chini ya kidole kidogo mpaka shina, umevunjika, na pembeni yake kulikuwa na kidonda kingine, cha zamani, kimeoza, kinanuka. Cha zamani! Nimekuwa nakitembelea sijui tangu lini, nasuka mikeka juu yake, naenda kanisani nacho. Dhahabo akashika mwiba kwa kucha zake akauvuta, nikauona unatoka, mrefu, na damu ikafuata, na mimi nilikuwa natazama tu kama mguu wa mtu mwingine. Sikusikia kitu. Hata kidogo. Nikambinya Baba Salome mkono nikamwambia, "Mbona sisikii? Mbona sisikii?"

Aibu ya kuwadhalilisha wakwe ilikuwepo, nilitamani ardhi ipasuke nizame, lakini juu yake kulikuwa na hofu ambayo sijawahi kuiona, hata mto ulipoingia ndani. Nikangoja Mama Yona asimame, achukue watu wake waende, na haki angekuwa nayo. Akasimama kweli. Akaja mpaka kwangu, akachukua kikombe changu cha chai ya asali, akakinusa, akakimwaga nje. Kisha akapiga magoti akafunga mguu wangu kwa ncha ya leso yake.

"Baba yake Yona alianza hivi hivi," akasema. "Kidole. Halafu mguu. Na yeye alikuwa anasema asali si sukari. Tulimzika huyo baba wakati Yona hajabalehe."

Hapo ndipo nilipolia.

Mjomba akauliza, sasa maneno ya posa tunafanyaje, tuyaahirishe? Mama Yona akasema hapana, yaendelee, ila upande wa mwanamume una sharti. Watu wakashangaa, sharti linatoka upande wa mwanamume tangu lini? "Mimi sitaki mkamwana atakayeingia kwangu akalia matanga ya mama yake," akasema. "Huyu mama ale alivyoambiwa na daktari, avae viatu, na mimi nikija nitakagua." Mchungaji akasema amina, basi ikawa imepita.

Siku ile ile walinipeleka kliniki kwa mkokoteni wa punda, dawa ya buluu ikachemka na mkojo wa mtu aliyekunywa asali asubuhi, ikawa nyekundu kuliko mara ya kwanza. Daktari hakutabasamu. Akaniuliza nakula nini, nikamwambia yote, ujanja wote, akashika kichwa. "Mama, wali, embe, asali, vyote vikifika kwenye damu ni sukari ile ile. Ulikuwa unanidanganya mimi, mguu ulikuwa haudanganyiki." Kidole kidogo hakikupona, wakakikata. Mguu ulibaki, baada ya kuoshwa kila siku mpaka nikawajua wauguzi wote kwa majina ya watoto wao.

Ni zamani sasa. Nakula mchicha na kunde kwanza, kambare wa kuchemsha, ugali wa kiganja, embe nusu nikiwa na bahati, na viatu navaa hata nikitoka kitandani kufunga dirisha. Salome ana watoto wanaonipita urefu. Na Mama Yona akitoka Kau kuja kututembelea hapigi hata hodi, anasimama ukingoni mwa mkeka, mkono kiunoni, wajukuu wote wamejipanga kutazama, na anasema, "Inua mguu."

Nainua. Anautazama, anaugeuza, anabonyeza kila kidole kilichobaki.

"Na huo mwingine," anasema.