Moto wa Ouma

Nilitoka Malaba kwa sababu kakangu Ouma alikuwa analala mchana. Habari ililetwa na mchuuzi wa samaki kwenye kibanda changu cha kushonea nguo. "Mama, huyo ndugu yako iko mbaya," alisema. "Analala na jembe kwa mkono. Unaongea na yeye, yeye analala." Ouma niliyemjua mimi hakutulia hata kanisani. Nilifunika cherehani, na hofu iliyoniingia hapo haikunitoka safari nzima.

Mwaka wa Uhuru ziwa lilipanda, likameza shamba la baba yetu huko chini karibu na Osieko, tukatawanyika. Zaidi ya miaka kumi baadaye maji yalirudi nyuma, na Ouma akayafuata ili kukomboa udongo wetu mweusi. Tulimsifu sana. Hakuna aliyejiuliza ni nini kilichoota huko miaka yote ambayo hakukuwa na mtu wa kufyeka.

Busia nilipata lori la Hamisi, aliyekuwa anakwenda Osieko kuchukua samaki wa kukaushwa. Mpaka Sigalame nilijipa moyo, maana kulikuwa na mihogo, shule, na watu wa kupungia mkono. Baada ya hapo nyumba zikapungua, kichaka kikaisogelea barabara.

"Hapa ilikuwa watu wengi," Hamisi alisema. "Maji ilifukuza wao. Sasa wenyewe ni mbung'o. Funga dirisha, mama." Tulifunga, tukachemka humo ndani kama viazi.

Aliniteremsha penye njia ya kwenda kwa Ouma, akaniambia atapita tena jua likipoa. Nilitembea peke yangu. Katikati ya miiba niliona mafiga matatu ya jiko la watu, na ua wa mkonge usiozunguka kitu. Mbung'o walinifuata kwa mlio wao. Mimi ni fundi wa nguo, sindano nimezizoea, lakini ile ya mbung'o inapita kwenye gauni bila kubisha hodi. Niliogopa, nikakimbia na utu uzima wangu wote.

Nabwire, mke wa Ouma, alikuwa anachochea moto. Ouma alilala kwenye mkeka, amekonda, macho nusu wazi. Alinitambua, akacheka, akaanza kutaja jina langu. Usingizi ukamchukua kabla hajalimaliza.

"Mbona hujampeleka hospitali?" nilifoka.

"Nikienda, moto naachia nani, mulamwa?" Hivyo ndivyo wifi huitana kwetu. "Mavuno ya kwanza bado hatujakula. Na jirani hakuna."

Kwetu boma jipya haliachwi na jiko baridi kabla mwenyewe hajala mavuno yake ya kwanza. Jiko likizimika, na yeye huzimika. Nilitaka kumtukana Nabwire, lakini hofu yake nami niliinyonya na maziwa ya mama. Tukikaa, Ouma atakufa. Tukienda, tuliamini vilevile kwamba atakufa. Nilitazama ule moto mpaka macho yakaniwasha.

"Huu moto ulifikaje hapa?" nikauliza.

"Nilibeba kwa kigae. Kutoka kwa baba mdogo."

"Basi ubebe tena. Nao uende hospitali."

Alasiri tulimfunga Ouma kwa leso zetu nyuma ya baiskeli yake, nikaisukuma. Nabwire alitangulia na makaa kwenye kigae cha chungu, akiyalisha kinyesi kikavu cha ng'ombe. Yakififia alisimama kupuliza, na mbung'o wakamtua shingoni. Hakuwapiga. Mikono yote miwili ilishika kigae. Niliwaona wakijaa damu, lakini ningeiachia baiskeli, Ouma angeanguka.

Hamisi alipotuona alishika kichwa. "Moto kwa gari? Mama, unataka tukutane ahera?" Kisha akamtazama Ouma, akafungua mlango wa nyuma. "Haya, nyuma na samaki. Ikiruka, pigeni kelele."

Tulipofika hospitali ya Nangina, muuguzi wa misheni aliuliza swali moja tu: "Ametoka upande wa ziwa?" Walimdunga sindano za malale majuma mengi, na Nabwire akapika uji wa mgonjwa kwa moto ule ule, nyuma, kwenye jiko la wauguzaji. Siku Ouma alipoweza kumaliza kikombe bila kusinzia, neno lake la kwanza lilikuwa, "Moto?" Nabwire akamwonyesha mlangoni. Nililia.

Sasa wote wawili wako kwangu Malaba, na moto wao unawaka nyuma ya kibanda. Nilidhani mafuriko huisha maji yakiondoka. Maji yaliacha kichaka, kichaka kikaleta mbung'o, na sisi tukawapelekea kakangu huku tunapiga vigelegele.

Jana mchana nilisikia Ouma akiita jina la mkewe, mara ya pili, mara ya tatu. Nilitoka. Nabwire alikuwa ameketi mbele ya moto, ukuni mkononi, kichwa kimeinama, na Ouma anamtikisa bega.

Leo nimefunika cherehani tena.