Jina la Genge

Ulikuwa mwaka wa mafuriko. Hapana, nasema uongo, mafuriko yalikuja baadaye. Huu ni ule mwaka sukari ilipoadimika, watu wakanywa chai chungu wakijifanya ni dawa.

Mwaka huo mchora ramani mmoja, ofisini wakimwita Wino, alikuwa akichora nchi tupu ya kaskazini: mawe, makorongo na upepo, hata moshi wa jiko hakuna. Kwa kuwa hapakuwa na wenyeji wa kuulizwa, majina waliyatoa wapimaji wenyewe. Mwana wa pekee wa Wino alikuwa miongoni mwao, mshika mnyororo wa kupimia. "Baba," alisema alipokuja likizo, "Kilima cha Nimechoka ukiandike vizuri, maana kimenilia soli ya kiatu." Mama yake akacheka hadi akamwaga maji.

Safari iliyofuata kijana alishuka genge moja kutafuta maji, hakupanda tena. Wenzake walimtafuta mpaka wakachoka, wakarudi na kofia yake.

Mkuu wa ofisi akaja mezani kwa Wino. "Mzee wangu, wapimaji wanaomba lile genge lipewe jina la kijana. Ila kanuni unaijua: mahali hapaitwi kwa jina la mtu aliye hai."

"Naijua, bosi."

"Basi?"

Wino akaifuta kalamu iliyokuwa safi tayari.

Nyumbani mkewe alikuwa bado anampakulia yule kijana wao sahani yake na kuifunika. "Baba watoto, maiti umeiona?"

"Sijaiona."

"Basi usinizikie mwanangu kwa wino. Wakitaka, waandike wenyewe."

Kesho yake ofisini Wino akamwona jirani yake wa meza akiivuta ile ramani. Mwandiko wa huyo ulikuwa kuku aliyekanyaga tope.

"Lete hapa," Wino akasema. Akaandika. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na kwa hilo hakujisamehe.

Jioni mkewe alimtazama vidole tu. Akaichukua ile sahani, akaimwaga, akaiosha, akaipanga kabatini na nyingine. Tangu hapo hakumwita Baba watoto tena. Alimwita Wino, kama watu wa ofisini.

Naye Wino, hadi anastaafu, alimsimamisha mlangoni kila mpimaji aliyetoka kaskazini: "Jina nimeliandika mimi. Lakini kule hakuna mtu. Nani anamwita mwanangu?"