Hodi kwa Giaboksi

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa kuipigia hodi giaboksi. Nilikuwa nimeingia asubuhi kwenye gereji moja pale Bondeni, nimevaa ovaroli ya kaka yangu iliyonipwaya, na Fundi Mkuu akanipeleka moja kwa moja kwenye meza ya chuma ambako giaboksi ya otomatiki ilikuwa imelazwa ubavu. Nikanyoosha mkono kuchukua spana. Akaupiga kofi.

"Yakhe, kwenu huingia nyumba za watu bila hodi?"

"La, Fundi."

"Basi gonga."

Nikaigonga kwa kifundo cha kidole, nikasema hodi, na gereji nzima ikaangua kicheko. Nilikereka mno. Nikamuuliza kwa hasira, "Na ikijibu?"

Yeye peke yake hakuwa akicheka. "Ikijibu, itikia. Usikimbie."

Baadaye nilielewa kwamba hodi ile ilikuwa na maana ya kazi. Ukiigonga giaboksi, sauti inayorudi hukwambia kama ndani kuna kitu kilicholegea. Vijana wa leo huchomeka kompyuta na kungoja iwaambie. Sisi tulitumia masikio na pua. Gari la gia za mkono, dereva ndiye anayechagua gia. La otomatiki hujichagulia lenyewe, na linalofanya kazi hiyo ni mafuta. Injini huzungusha kanveta, chombo cha duara kama sufuria mbili zilizofunikana, na mafuta yaliyomo ndiyo yanayosukuma gia na kuliendesha gari. Mafuta mazima ni mekundu. Yakiungua huwa meusi na kunuka mkate uliosahaulika kwenye tanuri. Fundi Mkuu alikuwa akinusa kijiti cha mafuta kabla hata ya kumwitikia salamu mwenye gari.

Kutoka Bondeni nilihamia karakana ya kampuni moja ya usafirishaji karibu na bandari. Huko Meneja wa Karakana, bwana wa shati jeupe lisilopata doa, alinikuta siku moja nikigonga. "Hapa twatengeneza magari," akasema. "Hatuagui." Tangu hapo nikawa nagonga akigeuka. Sikuwa naamini chochote, ila mkono ulikwisha kuzoea, na kazi niliyoianza bila kugonga niliiona imeanza kwa mguu mbaya.

Miaka yangu ya mwisho nilijitegemea, nikafungua banda chini ya nyumba yangu Mji wa Kale. Uchochoro wetu haupitishi gari, kwa hiyo niliwafuata wateja makwao, nikaishusha giaboksi huko huko na kuipakia kwenye mkokoteni hadi bandani. Majirani waliniita daktari wa matumbo.

Kazi niliyofungia ni ile ya mtaa wa Kizingo.

Nasir, mwanamume wa makamo mwenye haraka zake, alikuja kunichukua kwa sababu ya gari la marehemu baba yake. Lilikuwa gari refu la Kimarekani, rangi ya maziwa, kiti cha mbele kimoja kipana kama kochi. Lilisimama uani mbele ya baraza, na barazani alikaa mama yake, Bi Zuhura, na buli lake la kahawa.

"Masalkheri, Bi Zuhura."

"Masalkheri, mwanangu. Karibu. Umekuja kumuona mgonjwa?"

Nikaliwasha. Injini ilikubali mara moja, ikaunguruma vizuri. Nikaingiza D, gia ya kwenda mbele, gari halikusogea. Nikaingiza rivasi, vivyo hivyo. Nikavuta kijiti, nikanusa: mkate umeungua.

"Giaboksi imekufa," nikamwambia Nasir.

Akanivuta kando, karibu na mti wa mlimau. "Fundi, kama imekufa, mbona gari latembea?"

Nikadhani ananichezea. Akanionyesha alama za magurudumu kwenye zege la ua. Kila siku baada ya Alasiri, injini imezimwa, mkono wa gia uko kwenye P ya kuegeshea, gari lilijongea hatua moja kuelekea barazani. Nasir alikuwa akilirudisha kwa kusukuma. Aliweka mawe mbele ya magurudumu, na mama yake akawa anayaondoa. Juzi yake binti yake mdogo, Salha, alikuwa amelala kifudifudi mbele ya gari akichora kwa chaki. Bampa la mbele lilikuja kusimama juu ya nywele zake.

Fundi haonyeshi hofu mbele ya mteja. Nikamweleza. Ukiweka P, ndani ya giaboksi kuna kidole cha chuma kinachodondokea kwenye pengo la gurudumu la meno na kulifunga gari. Kidole kikilika, huteleza, na gari huteremka. Breki ya kuegeshea ilikuwa imekufa zamani. Basi hakuna ajabu, nikasema, ni mteremko tu.

Kisha nikatoa pima maji yangu, nikailaza juu ya zege chini ya gari ili nimwonyeshe. Povu, ambalo siku zote hukimbilia palipo juu, likaenda upande wa baraza. Ua ule uliteremka kuelekea getini. Gari lilikuwa likipanda.

Nikaipangusa pima maji, nikaigeuza, nikapima tena, na povu likarudi pale pale. Nikaitia mfukoni.

Sasa ikaja shughuli ya kuchagua. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kuifumua ile ile, kubadilisha sahani za klachi zilizoungua na kuirudisha. Lakini nilipoishusha na kuifungua sinia, yaani bakuli la chini linalobeba mafuta, nilikuta vipande vya chuma vinavyometa. Vumbi la kijivu tungelisamehe, kwa kuwa ni uchakavu wa kawaida. Vinavyometa ni mfupa wenyewe unavunjika. Na kidole kilikuwa kimelika pamoja na kikalio chake, sehemu ya bodi ya giaboksi ambayo haibadilishwi.

Njia ya pili aliipenda Nasir: giaboksi ya kisasa ya gia nne, isiyokula petroli. Nzuri, ila ni ndefu. Ningelazimika kukata boriti inayoibeba, kufupisha propela, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, na kufunga kompyuta kwenye gari ambalo halijui hata redio ya kisasa. Ya tatu ilikuwa ya gia tatu, ya ukoo ule ule, niliyoikuta kwenye yadi ya vyuma chakavu, imetoka kwa gari lililooza mwili tu. Nikalinganisha meno ya shafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya giaboksi, matundu ya kanveta na urefu wa mkia. Vikalingana. Mafuta yalikuwa mekundu, na kidole kilipodondoka kilishika barabara. Nikaichagua hiyo, maana gari la zamani halipendi mgeni.

Bi Zuhura akaniita barazani kabla sijaifunga.

"Fundi, hicho kidole wasema kibovu. Huwezi kukiacha? Tia hiyo nyingine, lakini kidole kiwe kile kile."

"Kitaliachia gari tena, Bi Zuhura."

"Ndilo nitakalo." Akanimiminia kahawa. "Mume wangu alikuwa hukosi kumuona hapa baada ya Alasiri. Alisimamisha gari palee, akapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, mpaka nimkaribishe. Miaka yote hiyo. Weye wajua chuma, mwanangu. Miye namjua mume wangu. Yuaja. Ukikifunga, atashindwa kufika."

Nasir alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, lilikuwa juu ya kichwa cha Salha."

"Hawezi kumdhuru mjukuu wake."

"Chuma hakina mjukuu, mama!"

Wote wawili wakanitazama mimi. Sijapata kuichukia kazi yangu kama dakika ile. Nilimhurumia yule bibi. Lakini nilikwisha kuiona michoro ya chaki pale chini, nyumba na samaki, na alama ya tairi imepita juu yake.

"Bi Zuhura, nisamehe. Palipo na mtoto siachi kidole kibovu."

Akaliweka buli chini. Kisha akasema, "Basi fanya kazi yako. Ila ile ya zamani usiitupe, wala usiiuze. Iweke pahali pa heshima."

Nikaifunga mpya. Gari likaenda mbele na nyuma kama bwana harusi, na kwenye P likashika kama limepigiliwa misumari. Siku zilizofuata Nasir alinipigia simu kwa furaha kwamba halijongei hata kidogo. Nikamuuliza habari za mama. Akasema bado anakaa barazani, ila kahawa yake inapoa kikombeni.

Ile ya zamani niliilaza bandani kwangu, chini ya ngazi, sakafu tambarare kabisa. Nikatangaza kustaafu, nikagawa spana zangu, nikakaa juu na mke wangu kumsumbua jikoni.

Siku moja baada ya Alasiri mke wangu akaniambia, "Pana mgeni chini, mbona humkaribishi?"

Nikasikiza. Ko. Ko. Ko. Kisha kimya. Nikashuka, nikafungua mlango wa uchochoroni, hapakuwa na mtu ila paka. Kesho yake tena, wakati ule ule. Safari hii nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, na sauti ilitoka chini ya miguu yangu. Naijua sauti ile kama ninavyoijua ya mke wangu. Ni ya kidole kinapodondokea kwenye pengo. Lakini kidole hakidondoki mpaka shafti izunguke, na shafti haizunguki mpaka kuwe na gurudumu la gari linaloizungusha. Giaboksi ile haikuwa na gurudumu, wala gari.

Nikachora alama ya chaki juu ya shafti, imetazama ukuta. Jioni alama ilikuwa imetazama mlango.

Mimi si mtu wa mashetani, lakini niliogopa, nasema wazi. Nikakumbuka Fundi Mkuu: ikijibu, itikia. Nikasimama mbele ya giaboksi niseme karibu, nikaacha. Hodi ile haikuwa yangu. Ningemkaribishaje mume wa mtu kwenye nyumba asiyoijua? Nikampigia simu Bi Zuhura, nikamweleza yote nikitarajia kulia kwake. Hakulia.

"Maskini, amefuata chuma chake, amepotea njia," akasema. "Mrejeshe nyumbani, mwanangu."

Nikatafuta mkokoteni na kijana wa kunisaidia. Tukaisukuma giaboksi kutoka Mji wa Kale hadi Kizingo, watu wakinitania njiani kwamba daktari kashindwa kuacha wagonjwa. Tukaiweka barazani, kando ya kiti cha Bi Zuhura. Adhana ya Alasiri ikapita. Nasir aliswali, akarudi, akasimama ameshika mkono wa Salha. Mimi nilikaa kwenye ngazi.

Ko. Ko. Ko.

Bi Zuhura akaweka kikombe chini, akajitandia buibui lake vizuri. "Karibu, baba Nasir," akasema. "Karibu ndani, ni kwako."

Haijagonga tena tangu siku hiyo.

Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Nakumbuka harufu ya mafuta mekundu, na matusi ya Fundi Mkuu. Mgongo wangu haukumbuki chochote kwa wema. Vijana wakija kuniuliza juu ya kuchagua giaboksi ya gari la zamani, nawaambia walinganishe meno, matundu na mkia, wanuse mafuta, na wakiangalie kidole kabla ya yote. Mengine siwaambii, wasije wakasema mzee keshaanza.

Ijumaa iliyopita Bi Zuhura aliniita tutembezwe kwa gari. Nasir alikuwa kwenye usukani. Nikazunguka nikafungua mlango wa mbele, ile sehemu kando yake.

"Hapo pana mtu, mwanangu," akasema Bi Zuhura kutoka ndani. "Kaa na miye huku nyuma."

Nikamtazama Nasir. Alikuwa amejibana kwenye mlango wa upande wake, ameacha nafasi, macho mbele. Nikaufunga mlango ule polepole. Nikaligonga bati kwa kifundo cha kidole, nikasema hodi, nikaingia nyuma.

Safari hii hakuna aliyecheka.