Sanda za Msikitini na Karti za Lopitali

Siku yangu ya kwanza kazini kama mhamasishaji, Jeran alinipa megafoni, kitabu cha risiti na onyo moja. Jeran ndiye msimamizi wa ofisi, naye alikuwa mtu wa Kindu mwenye suruali iliyonyooshwa pasi hata vumbi la mji wetu wa Kasongo likawa linamwogopa. "Weye ni animatere," akaniambia. "Kazi ya animatere ni kusema. Ukinyamaza, hauko kazini." Hakuhitaji kurudia. Mama yangu alikuwa akilalamika kwamba nilizaliwa nikiongea, na kumbe kulikuwa na watu tayari kunipa mshahara kwa kosa hilo.

Ninyi vijana mnaiona mutuelle ya afya kama kitu cha kawaida, kwa hiyo niwaeleze ilivyokuwa. Ni chama cha kusaidiana katika ugonjwa. Kila familia hutoa mchango mara moja kwa mwaka, na mwanachama akiugua anakwenda lopitali na karti yake. Chama kinalipa sehemu kubwa, yeye anamalizia iliyobaki. Karti mpya hukaa miezi mitatu kabla ya kufanya kazi. Bila sharti hilo kila mtu angengoja kujiandikisha akiwa ameshalala kwenye machela.

Maneno ya kuwaita watu niliyatunga mwenyewe: "Weka kidogo, vuna kingi!" Jeran aliyapenda, akayaandikisha kwa rangi nyekundu kwenye kitambaa kirefu na kukitundika juu ya mlango wa ofisi. Nilipita chini yake kila asubuhi nikijiona mtu mkubwa.

Kisha nikatumwa Kabambare kwa miezi sita. Nilikwenda kwa pikipiki, na njia ile inajua kumhesabia mtu mbavu moja moja. Sokoni nilipiga megafoni asubuhi nzima. Mwishowe mkulima mmoja akainua mkono, akauliza kwa adabu: "Animatere, hiyo tombola itachezwa siku gani?" Alidhani ninauza tiketi za bahati nasibu. Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Laiti ningejua, nisingecheka.

Niliporudi Kasongo nikakuta wakulima Wakristo wa vijiji vya karibu wameingia kwa wingi. Ndugu zangu wa msikitini walinikaribisha, walinipa chai, waliniuliza habari za watoto, lakini hawakujiandikisha. Iliniuma sana, kwa sababu ile ni mitaa yetu na nilizaliwa humo.

Aliyeniuma zaidi ni Amrani, muuza vitenge, rafiki yangu tangu madrasa. Miaka miwili nyuma, mke wake Mwamini aliposhikwa na uchungu, Amrani alizunguka mji kwanza akitafuta franga za kulipia upasuaji. Walifika lopitali wamechelewa. Mama alipona, mtoto hakupona. Sasa Mwamini alikuwa na mimba ya miezi mitano, na Dokta Mkuu wa zoni ya afya alikuwa amesema wazi kwamba safari hii pia atapasuliwa. Nikahesabu kwa vidole. Wakijiandikisha juma lile, karti ingekuwa tayari mwezi wa nane wa mimba. Wakichelewa, tungerudia yale yale.

Nikaenda dukani kwake. "Amrani, unangoja nini?"

Akaendelea kukunja kitenge, hakuniangalia. "Saidi, sikia. Nikiweka franga, muke wangu akizala muzuri, nimepoteza. Akipasuliwa, nimevuna. Si ni weye unasema vuna kingi? Miye siwezi kukaa nangojea Mwamini akatwe ili miye nivune. Hiyo ni kamari, tena kamari juu ya mwili wake."

Nilimpenda mtu yule zaidi siku ile kuliko siku yoyote, na nilitamani kumpiga. "Basi twende kwa Shehe," nikamwambia.

Shehe wetu alikuwa mzee mwembamba asiyejua haraka. Alitusikiliza wote wawili mpaka mwisho. Akasema wanazuoni wametofautiana kuhusu bima, na wengi wanaikataa ile ya biashara, ambayo mtu analipia kitu asichokijua, labda atakipata, labda hatakipata. Hiyo wanaiita gharari. Halafu akanigeukia mimi.

"Franga zikibakia mwisho wa mwaka, ni za nani?"

"Za wanachama, Shehe."

"Ziko wapi?"

Ilibidi niseme ukweli. Jeran alikuwa ameziweka mahali zinapokopeshwa kwa riba.

"Hizo muzitoe," akasema. Kisha akaonyesha kwa kidole kona ya msikiti. "Saidi, ndani ya ile sanduku kuko nini?"

"Sanda, Shehe."

"Nani alizinunua?"

"Siye wote. Tunatoa kila mwaka."

"Mwaka huu weye haukufa. Ulikuja kudai sanda yako?"

Amrani akaanza kucheka, akaziba mdomo.

"Na yule tulimuzika nayo," Shehe akaendelea, "alishinda?"

"Hapana, Shehe."

"Basi. Mukitoa franga namna munatoa sanda, kwa nia ya kusaidia yule atapatwa, iko halali kwangu. Mukiweka juu ya kuvuna, ni ile kamari Amrani anaogopa. Chama chenu hakina ubaya, mukiondoa riba. Kinywa chako, mwanangu, ndicho kinafukuza watu."

Nimegombezwa na wakubwa wengi, lakini karipio lile ndilo lililonifunza kazi.

Ilibaki riba. Jeran aliposikia alishika kichwa. "Saidi, hizi franga zinazaa. Unataka nizifunge uzazi?" Nikamwambia zinazaa watoto ambao sisi hatuwezi kuwala. Akaita kamati ya wanachama, karibu wote wakulima Wakristo, nami nikatoka jasho nikiwaeleza habari za riba. Mama mmoja, mweka hazina wa kamati, akanikatiza: "Kama ni hiyo inazuia wandugu kuingia, itoke. Tulianza chama juu ya kusaidia watu." Wakakubali. Jeran mwenyewe akapanda ngazi na kushusha kitambaa changu, na suruali yake ikachafuka kwa mara ya kwanza. Ijumaa ile Amrani alijiandikisha, akitamka nia yake kwa sauti mbele yangu, kwamba ametoa ili kumsaidia atakayepatwa.

Uchungu ulipomshika Mwamini, Amrani hakuzunguka mji. Alikwenda moja kwa moja lopitali na karti yake, Mwamini akapasuliwa. Mtoto alikuwa wa kike, na mama yake alirudi nyumbani akiwa mzima.

Sasa nimestaafu, na megafoni wanayo wengine. Vijana wananijia na simu zao wakiniuliza kama bima ya afya ni halali au haramu. Mimi si shehe. Nawaambia waulize wenye elimu, na kabla ya kuuliza wajue kwanza mali ni ya nani na inalala wapi. Lakini wakiniuliza niliona nini, nawasimulia Jumapili moja.

Amrani alikuja kwangu siku chache baada ya uzazi. "Nani alitulipia?"

"Wanachama."

"Miye nataka majina yao. Nitashukuru namna gani watu wasiokuwa na majina?"

Nikamweleza kwamba mchango hauna jina ukishachanganyika. Msikitini aliwashukuru wote baada ya sala. Jumapili nikamkuta amesimama nje ya mlango wa kanisa, na kanzu yake na kofia, akimpa mkono kila anayetoka. Watu walishangaa, wakacheka, wakampa mkono. Bibi mmoja akajaribu kuuvuta mkono wake.

"Baba, unanishukuru juu ya nini? Miye sikuingia hata mu chama chenu."

Amrani hakumwachia. "Haina neno, Mama," akasema. "Mutoto iko muzima. Pokea tu."