Kopo la Mawe la Baba

Baba alirudi kutoka Chunya mwezi wa Desemba, mimi nikiwa likizo ya kidato cha tatu. Miaka mitatu nyuma alituachia shamba la viazi, huku mlimani juu ya Mbeya, akaenda kuchimba dhahabu. Alirudi amekonda, anakohoa hadi anashika ukuta, mkononi ana kopo lililojaa mawe yanayong'aa.

"Wewe unasoma Iringa," aliniambia. "Mmefundishwa mawe?"

Tulikuwa tumefundishwa. Nilichukua kikombe kilichovunjika, nikakigeuza. Kitako chake kilikuwa na ukingo mweupe unaokwaruza. Nikamweleza kwamba dhahabu ikisuguliwa pale huacha mstari wa manjano. Nikasugua jiwe la kwanza. Mstari ukatoka mweusi.

"Jaribu lingine."

Mweusi. Lingine, mweusi. Nikachukua kisu, maana dhahabu ni laini, kisu huiachia alama. Kwenye mawe yale kiliteleza tu. Baba akaninyang'anya jiwe kubwa kuliko yote, akaliweka kizingitini, akalipiga nyundo. Dhahabu ingebonyea. Lile lilisagika unga, likatoa harufu kama ya kiberiti.

Mama akaniita jikoni, akanishika bega kwa nguvu. "Mwambie moja ni dhahabu. Moja tu. Humwoni alivyo?"

"Mama, atalipeleka kwa wanunuzi, watamcheka."

"Acha wamcheke akiwa hai."

Niliporudi, baba alikuwa amepiga magoti, anayasugua mwenyewe moja moja, kitako cha kikombe kimejaa weusi. Akaniuliza polepole, "Mwalimu wenu hawezi kuwa amekosea?"

"Hajakosea, baba."

Siku tatu hakula. Alilala ameelekea ukutani. Mama alimwekea uji, ukapoa, akauondoa, akaweka mwingine. Siku ya nne tuliamka tukakuta kitanda kitupu na sururu haipo. Mama alikimbia hadi stendi bila viatu. Hakumkuta.

Hakunisemesha hadi siku ya kurudi shule. Asubuhi hiyo alinifungia viazi vya kuchemsha, akasema, "Nenda ukasome," akaingia ndani.

Baba hatukumwona tena. Mwaka uliofuata alikuja mtu aliyekuwa akichimba naye, akatueleza alikozikwa. Mama alimpa chai, akamuuliza kama mwishoni mume wake alipata chochote. Mgeni alikunywa chai yake, akaweka kikombe chini, akaaga.